Sala ya Aliye Peke Yake: Tunachojifunza kwa Wayahudi

SOMO LA ROBO HII
Masomo ya kusoma kwanza: 1 Samweli 1:9-18; Danieli 6:10; Zaburi 55:16-17



Masika yanapokolea katika Wilaya ya Kyela, wako washarika ambao Jumapili hupita bila wao kufika kanisani. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe ikijaa, maji hutanda katika mashamba ya mpunga, na njia za sehemu kama Ikolo huwa hazipitiki kwa miguu wala kwa baiskeli. Hata hivyo mafuriko yana mwisho. Wako wengine ambao kwao masika hayaishi: bibi aliyepooza, mgonjwa wa muda mrefu anayeuguzwa na mjukuu, mjane anayekwepa maneno ya majirani, mvuvi wa usipa ambaye usiku yuko ziwani na mchana amelala. Tunapowatembelea hatukosi cha kuchukua mkononi, kama sabuni, unga au daftari la mahudhurio ya kliniki. Lakini wengi wakishapokea hutuambia jambo ambalo halimo katika fomu zetu, kwamba wakiwa peke yao wanaanza kusali na baada ya sentensi mbili maneno yanakwisha.

Robo hii tumeona tujifunze kwa Wayahudi. Watu hawa wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70 B.K., dhabihu zilikoma, na walimu wao wakalazimika kujibu swali la Mwisraeli aliyetawanyika mbali asiye na madhabahu wala kuhani: atamkaribia Mungu kwa njia gani? Majibu yao yamo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho uliokamilika karibu mwaka 200 B.K., na katika Talmudi iliyofuata.

Kabla hatujaendelea, inafaa Mlutheri aingie katika somo hili kwa unyenyekevu. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika juu ya Wayahudi maneno makali na ya chuki, ambayo baadaye yalitumiwa na watu waovu. Mwaka 1984 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika Mkutano Mkuu wake huko Budapest, lilipokea tamko la kuyakataa maneno hayo. Kwa hiyo leo tunakaa miguuni pa walimu wa Kiyahudi kama wanafunzi, bila nia ya kuwanyang'anya chao na kukiita chetu.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kupata mfano. Karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Wayahudi Waafrika waitwao Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyefanya kazi na Waingereza na baadaye akaachana nao. Alisoma Biblia ya Kiganda kwa bidii, akaona kwamba Agano la Kale linamdai zaidi ya alivyokuwa amefundishwa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye pamoja na wanawe. Hapakuwa na rabi wa kuwaongoza. Katika mwaka 1920 mgeni mmoja Myahudi aitwaye Yosef alikaa nao miezi michache akawafundisha kalenda ya sikukuu na taratibu za chakula. Baada ya hapo walibaki na Biblia, Zaburi walizozitia sauti za kwao, na kitabu cha sala na kanuni alichokiandaa Kakungulu. Kakungulu alifariki mwaka 1928.

Upweke mkubwa ulikuja zaidi ya miaka arobaini baadaye. Idi Amin, aliyetawala kuanzia mwaka 1971, aliipiga marufuku dini yao na masinagogi yao yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili wabaki salama. Inakadiriwa kwamba kati ya watu kama 3,000 walibaki kama 300 tu. Hao waliobaki walisali kwa siri majumbani mwao, kwa sauti ya chini, wakizitunza Sabato bila jirani kujua. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza. Wazazi wenye vijana waliokuwa jeshini wakati ule wanaweza kulipokea jambo hilo kwa namna yao.

Tunajiuliza: ni nini kilichowashika wale 300? Ujasiri ulikuwapo, lakini ujasiri peke yake hauzuii maneno kukwisha saa nne ya usiku. Sisi tunaona walishikwa na sala yenye umbo. Myahudi hategemei kubuni sala kila mara. Anayo saa yake, anao upande wa kuelekea, anayo maneno aliyorithi, na ndani ya hayo anayo nafasi ya kusema ya moyoni mwake.

Tuanze na saa. Sala za Wayahudi za kila siku ni tatu: ya asubuhi, ya alasiri na ya jioni. Danieli alifanya hivyo akiwa uhamishoni Babeli, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Mtu wa Ikolo akitaka kuelekea huko atatazama kaskazini, upande wa Mlima Rungwe. Sisi hatujaagizwa kuelekea upande wowote, lakini mgonjwa anayetazama ukuta ule ule kutwa nzima anaweza kunufaika kitanda chake kikigeuzwa kuelekea dirishani wakati wa sala, ili mwili nao ujue kwamba saa imefika.

Katika Mishna limo neno zuri kwa watu wa mwambao. Walimu waliulizwa juu ya mtu aliyepanda punda, na aliye katika chombo majini, ambao hawawezi kugeuka kuelekea Yerusalemu. Wakajibu kwamba na auelekeze moyo wake. Na anayepita mahali pa hatari aliruhusiwa sala fupi. Basi mvuvi aliye katika mtumbwi, karabai ikiwaka na mawimbi ya Nyasa yakipiga, asijione amekosa ibada. Walimu wale walikwisha kumfikiria mtu kama yeye miaka 1,800 iliyopita.

Sala kuu ya Wayahudi huitwa Amida, maana yake kusimama. Siku za kazi ina baraka 19, ingawa kwa desturi ya zamani bado huitwa Kumi na Nane. Husemwa kwa kunong'ona: midomo inacheza, na sauti inamtosha msemaji mwenyewe. Jambo hilo wamelitoa kwa Hana, mama yake Samweli, yule ambaye kuhani Eli alidhani amelewa. Inafaa tulitafakari hili. Kanisani kwetu mara nyingi tunamsifu mwenye sauti kubwa, hata mgonjwa asiye na pumzi anaona sala yake haifiki. Kumbe walimu wa Israeli walimchukua mwanamke mwenye uchungu, asiyesikika, wakamfanya kielelezo cha taifa zima. Kunong'ona kuna faida nyingine pia: mawazo yanayotangatanga hurudi yanaposikia midomo ikitamka. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala.

Je, maneno ya kurithi hayageuki kuwa kasuku? Walimu wenyewe waliliona hilo. Rabi Eliezer alionya katika Mishna kwamba mtu anayeifanya sala yake kuwa mzigo wa ratiba, sala hiyo si maombi tena. Kwa hiyo wanadai kitu wanachokiita kavana, yaani kuuelekeza moyo. Inasimuliwa kwamba wacha Mungu wa zamani walikaa kimya saa nzima kabla ya kufungua midomo. Mgonjwa wetu haagizwi saa nzima. Dakika tatu za kunyamaza kabla ya Baba Yetu zinatosha kuanzia. Zaidi ya hayo, katikati ya Amida ipo baraka ya kumwomba Mungu asikie sala, na hapo kila mtu huruhusiwa kuingiza haja yake mwenyewe. Rabi Nachman wa Breslov (1772-1810) alikwenda mbele zaidi. Aliwafundisha wafuasi wake watenge muda kila siku wawe faraghani, wazungumze na Mungu kwa lugha yao ya nyumbani kama mtu anavyozungumza na rafiki. Kwa Mnyakyusa ina maana amwambie Kyala kwa Kinyakyusa habari ya mguu unaouma na ya mjukuu aliyefukuzwa shule kwa sababu ya ada. Maneno ya kurithi yanafungua mlango, naye akiwa ndani husema yake.

Sisi Walutheri tunayo hazina ya namna hiyo hiyo, ila tumeiachia watoto wa kipaimara. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ina sala ya asubuhi na ya jioni kwa ajili ya nyumbani, pamoja na Imani na Baba Yetu. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna rahisi ya kusali. Alimshauri kwamba moyo ukipoa achukue Zaburi, ajitenge chumbani au aende walipo wenzake, ashike amri moja au ombi moja, kisha aulize mambo manne: linanifundisha nini, nishukuru nini, niungame nini, niombe nini. Bibi asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo kwa ombi moja tu la Baba Yetu kila siku.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wajumbe wa kamati wasilipite haraka. Wayahudi hawasemi kwamba sala ya peke yake inatosha kwa kila kitu. Ziko sehemu za ibada ambazo bila watu kumi, kundi waliitalo minyani, hazisemwi kabisa. Mojawapo ni Kadishi, sala ambayo mfiwa humtukuza Mungu kwayo. Mwenye msiba hawezi kuisema peke yake. Ni lazima wenzake waje. Twaona hekima kubwa hapa. Sheria hiyo haimwambii mfiwa ajikaze. Inawaambia majirani watoke majumbani mwao.

Ndiyo maana hatupendi kusikia mjumbe akisema kwamba fulani anasali nyumbani, basi hana shida. Katika bajeti zetu kifungu cha kuwatembelea walio peke yao huwa rahisi kukatwa, kwa kuwa hakizai takwimu nzuri za taarifa. Wafadhili wetu wapendwa, mkiona mstari wa nauli ya wazee wa kanisa na wa mafuta ya pikipiki, msidhani ni posho. Kwa nauli hiyo kundi hukamilika penye kitanda cha mgonjwa.

Talmudi ina kisa kinachotufaa moja kwa moja. Mwalimu mmoja huko Babeli, Rav Nachman, hakuonekana katika sinagogi, na rafiki yake Rabi Yitzhak akamuuliza sababu. Akasema hakuwa na nguvu za kwenda. Rafiki akamshauri akusanye watu kumi nyumbani. Akajibu kwamba ni usumbufu mno. Basi, akasema yule rafiki, mwombe kiongozi wa ibada akupashe habari saa ambayo mkutano unasali, ili usali saa hiyo hiyo. Tazameni ngazi zilivyopangwa. Kwanza mlete kundini. Isipowezekana, kundi lije kwake. Isipowezekana kabisa, ajue saa. Hakuna ngazi ya kusahauliwa.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, nyumba za ibada zilifungwa katika nchi nyingi, Uganda ikiwemo, na Wayahudi wengi duniani walirudia shauri hilo la zamani la kusali kila mtu kwake kwa saa moja. Hapa Tanzania makanisa yalibaki wazi, lakini wazee wetu wa vitandani walikuwa wamefungiwa kabla ya korona na wamefungiwa hata sasa.

Tunaomba kila kamati ikae na wazee wa mitaa kabla ya mvua za Machi na kujibu mambo machache kwa maandishi. Katika mtaa wenu ni nani ambao hawajafika ibadani kwa miezi mitatu, na sababu ni ipi? Kengele ya Jumapili inasikika mpaka nyumba ipi, na waliopo mbali ya hapo watajulishwaje saa ya ibada na Zaburi ya siku: kwa simu, kwa mtoto wa shule ya Jumapili, au kwa mwenye mtumbwi njia ikikatika? Nani ana nakala ya Katekisimu anayoweza kuazima, na nani atamsomea asiyeona? Na pale penye msiba au ugonjwa mzito, ni watu gani watakaokwenda, si mwinjilisti peke yake, ili sala isemwe na wengi? Orodha ya majina ibaki usharikani. Ofisi ya miradi inahitaji idadi tu, pamoja na makadirio ya nauli, ili yaingie katika bajeti kabla haijafungwa.