Betri Imejaa, Nani Kasema?

Mafunzo niliyopata kwa kufunga vipimo vya betri za sola

Wateja wangu wengi wako delta ya Rufiji na vijiji vya pwani ambako nguzo za TANESCO hazijafika: wenye maduka ya vinywaji baridi, wenye nyumba za wageni, wahudumu wa zahanati. Swali lao ni moja: "Fundi, imebaki asilimia ngapi?" Wanataka jibu kama la simu. Kipimo cha betri kinaweza kulitoa, ila kwa masharti.

1. Volti si akiba.

Betri ya risasi ya maji ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha karibu volti 12.7. Ikibaki nusu, karibu 12.2. Lakini nyumba ya wageni ina saa gani betri imepumzika? Pampu ikiwashwa volti zinaporomoka, jua likipanda zinapita 14 hata kama betri bado ina njaa. Lithiamu ndiyo msiri kabisa. Volti zake hukaa karibu na 13.2 sehemu kubwa ya matumizi, kisha huanguka kwa ghafla. Anayekisia akiba ya lithiamu kwa volti peke yake anacheza bahati nasibu.

2. Umeme wote upite mlango mmoja.

Kipimo cha kweli hutegemea shanti, kipande cha chuma kinachofungwa kwenye waya hasi. Shanti iliyozoeleka ni ya ampea 500 kwa milivolti 50. Kipimo husoma tofauti ndogo ya volti kati ya ncha mbili za shanti, hujua ampea zinazopita, kisha hujumlisha zinazoingia na kutoa zinazotoka. Ni daftari la duka: mali ikitokea mlango wa nyuma, daftari halina habari.

Na mlango wa nyuma haukosekani. Kijana wa nyumbani anataka kuchaji simu, anabana klipu moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri. Fundi mwingine anaongeza taa za uani, naye anafunga hapohapo. Kichwa hasi kibaki na waya mmoja tu, unaokwenda kwenye shanti; inveta, kontrola na taa zote zifungwe upande wa pili. Kabla sijaondoka huzima kila kitu na kutenga paneli, kisha nawasha taa za wati 24. Kwenye volti 12 lazima nione karibu ampea 2, zenye alama ya kutoa. Nikiona zinajumlishwa, shanti imegeuzwa.

3. Kibandiko cha betri kisomwe kwa makini.

Ampea-saa 200 kwa kipimo cha saa 20 maana yake ni ampea 10 kwa saa 20. Vuta ampea 50 kutoka betri ya risasi uone kama utafikisha saa 4; hufikishi. Baadhi ya betri za sola huandikwa kwa kipimo cha saa 100, na namba inanenepa. Halafu kuna hili: betri mbili za 200 zikiungwa mfululizo kupata volti 24 zinabaki 200, si 400. Betri iliyokwisha tumika miaka, jaza namba ndogo kuliko ya kibandiko. Mteja atanuna, lakini taa hazitamzimikia usiku.

4. Kipimo hakijui "kujaa" mpaka ukifundishe.

Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Kipimo hutangaza 100 pale volti zinapofika kiwango ulichoweka, na ampea zinazoingia zikashuka chini ya kiwango kingine, kwa dakika kadhaa. Kontrola ikichaji kwa 14.4, mimi huweka 14.2. Ampea huanzia asilimia 4 ya uwezo, yaani 8 kwa betri ya 200, na mara nyingi nashusha zaidi. Sababu ni wingu. Likipita mchana volti zikiwa bado juu, ampea zinashuka, na kipimo kinadhani betri imeshiba. Dakika 3 za kiwandani ni chache kwa sola, naziongeza. Wakati wa masika betri inaweza kukaa siku nyingi bila kujaa, na makosa madogo ya hesabu hurundikana. Basi mteja aambiwe mapema: mvua zikizidi, asiiamini asilimia kama anavyoiamini Januari.

5. Kioo kikae watu wanapopita.

Kipimo cha bluututhi ni kizuri kwa fundi. Muuguzi wa zamu anahitaji namba ukutani, karibu na swichi. Friji nyingi mpya za chanjo huendeshwa na paneli bila betri, kwa hiyo betri ya zahanati kazi yake kubwa ni taa ya chumba cha kujifungulia. Ninamwachia sharti moja: kwa betri ya risasi, ikifika asilimia 50, zima televisheni.

Kwako unayefungiwa kipimo: kabla hujamlipa fundi, mwambie aandike uwezo, volti za kujaa, ampea za kujaa na dakika alizoweka, kisha abandike karatasi hiyo ndani ya boksi. Fundi atakayekuja baada yake atazihitaji.