Dola 900 za kung'arisha gari-nyumba

Swali: Nimenunua gari-nyumba kuukuu la futi 30 hapa Texas. Fundi anataka dola 900 kuliosha na kulipaka nta. Naibiwa?

Jibu: Si lazima. Marekani kazi hii hutozwa kwa futi ya urefu, na mara nyingi kuosha pamoja na nta huwa kati ya dola 15 na 30 kwa futi. Wewe umetajiwa bei ya juu. Kabla hujabishana, pitisha kiganja ubavuni, upande unaopigwa sana na jua. Kikitoka cheupe kama umeshika chaki, ngozi ya faibaglasi imechakaa. Itabidi isuguliwe kwa mashine kwanza, maana nta haishiki juu ya unga ule. Hapo 900 ni halali yake. Kikitoka safi, omba upunguziwe, tena bila haya.

Muulize pia kama paa limo. Paa la mpira halipakwi nta, huoshwa tu kwa sabuni isiyo na mafuta ya petroli, na wengine hulitoza kando. Michirizi myeusi ya ubavuni hutiririka kutoka huko juu, kwa hiyo usikubali lirukwe. Andikianeni yote kabla hajafungua maji.