Nani Aliyebomoa? Kauli ya Kutendeka na Kauli ya Kutendwa katika Usimulizi wa Filamu za Historia ya Mahali: Mfano wa Kituo cha WQED, Pittsburgh

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna filamu za hali halisi zinazohusu historia ya mahali zinavyosimulia upotevu wa majengo, viwanda na mitaa. Data inatokana na majina ya filamu za kituo cha televisheni cha umma cha WQED, katika jiji la Pittsburgh, Marekani, pamoja na matukio ya kihistoria yanayohusiana nazo. Tunatumia mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili kama chombo cha uchambuzi. Tunadai kwamba anayetaka kuzifasiri filamu hizi kwa Kiswahili hulazimika kuamua jambo ambalo majina ya Kiingereza yanaliacha wazi: je, kilichopotea kilipotea chenyewe, au kuna aliyekiondoa?

1.0 Utangulizi

Kituo cha WQED kilianza kurusha matangazo tarehe 1 Aprili 1954. Ni miongoni mwa vituo vya mwanzo vya televisheni ya elimu nchini Marekani, na kinajulikana kwa kuanzishwa na kugharimiwa na jamii yenyewe ya jiji lake. Watu wengi nje ya Marekani wanakifahamu kwa kipindi cha watoto cha Fred Rogers, kilichoanza kuonyeshwa nchi nzima mwaka 1968. Wakazi wa Pittsburgh, hata hivyo, wanakifahamu pia kwa filamu zake za historia ya mji wao.

Mtayarishaji mashuhuri wa filamu hizo ni Rick Sebak, aliyejiunga na kituo hicho mwaka 1987. Miongoni mwa kazi zake ni The Mon, the Al & the O (1987), inayohusu mito mitatu ya jiji hilo; Kennywood Memories (1988), inayohusu bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1898; na Things That Aren't There Anymore (1990), ambayo jina lake tunaweza kulifasiri kuwa ‘Vitu Ambavyo Havipo Tena’. Filamu hii ya mwisho ilifuatwa na Stuff That's Gone (1994). Kituo hichohicho kilitoa pia Wylie Avenue Days (1991), inayohusu mtaa wa Hill District, uliokuwa kitovu cha maisha ya Wamarekani Weusi wa jiji hilo.

2.0 Msimulizi na mahali

Kabla ya kuingia katika kiini cha hoja yetu, ni muhimu tuangalie nafasi ya msimulizi. Filamu nyingi za hali halisi za zamani zilitumia sauti isiyo na mwenyewe: sauti nzito inayojua kila kitu na isiyotoka popote. Sebak husimulia filamu zake mwenyewe, kwa sauti ya mazungumzo, kama mkazi anayezungumza na wakazi wenzake. Mashahidi wake ni watu wa kawaida wanaozungumza kama wanavyozungumza nyumbani. Lahaja ya eneo hilo ina kiwakilishi yinz cha nafsi ya pili wingi, ambacho hutenganisha wingi na umoja, tofauti ambayo Kiingereza Sanifu kimeipoteza lakini Kiswahili kinayo katika wewe na nyinyi.

Uhusiano huu wa msimulizi na mahali unajitokeza mara tu tunapojaribu kulifasiri jina la filamu ya 1990. Neno la Kiingereza there halibagui aina za mahali. Kiswahili kinatutaka tuchague kati ya viambishi -po, -ko na -mo:

(1) a. Vitu havipo tena. (mahali mahususi, panapojulikana)
b. Vitu haviko tena. (mahali pasipo dhahiri)
c. Vitu havimo tena. (ndani ya mahali)

Tumechagua (1a). Mtazamaji wa Pittsburgh anajua hasa ni wapi kitu kilikuwa: anaweza kusimama hapo na kunyoosha kidole. Kwa mtazamaji wa mbali, (1b) ingetosha. Tunaweza kusema basi kwamba filamu ya historia ya mahali ni filamu ya -po: inachukulia kwamba anayesema na anayesikiliza wanapafahamu mahali pamoja.

3.0 Ngazi tatu za upotevu

Kiambishi -po kinatueleza mahali, lakini hakitwambii kilichotendeka. Hapa ndipo mnyambuliko unapohitajika. Kama inavyojulikana, kauli ya kutendeka ina maana mbili kuu: uwezekano (kitabu kinasomeka) na hali (kikombe kimevunjika). Tunashughulikia maana ya pili. Linganisha:

(2) a. Jengo limebomoka.
b. Jengo limebomolewa.
c. Jengo limebomolewa na mamlaka ya jiji.
d. *Jengo limebomoka na mamlaka ya jiji.

Sentensi (2a) inaeleza hali tu. Ubovu wa (2d) unathibitisha kwamba kauli hii haimpi mtenda nafasi katika sentensi. Katika (2b) mtenda hatajwi, lakini tunajua yupo, msikilizaji ana haki ya kuuliza, “Na nani?” Katika (2c) swali hilo limejibiwa. Kwa hiyo tuna ngazi tatu: upotevu usio na mkono, upotevu wenye mkono usiotajwa, na upotevu wenye mkono unaotajwa.

Majina Things That Aren't There Anymore na Stuff That's Gone yako katika ngazi ya kwanza. Yanataja hali iliyopo sasa, si tendo lililoileta. Hatusemi kwamba filamu zenyewe zinaficha historia. Jina la filamu si filamu nzima. Tunachosema ni kwamba jina humwandaa mtazamaji kuomboleza kabla ya kuuliza.

4.0 Mifano

4.1 Uwanja wa Forbes Field

Uwanja huu wa besiboli, mmojawapo wa mahali panapokumbukwa katika filamu ya 1990, ulifunguliwa mwaka 1909. Mchezo wa mwisho ulifanyika tarehe 28 Juni 1970, na ubomoaji ulianza mwaka 1971. Kusema uwanja huo ‘umetoweka’ ni kweli, lakini si kweli yote. Ardhi yake ilikuwa imeuzwa kwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1958, nacho kilihitaji nafasi ya kujipanua. Uwanja ulibomolewa, na sehemu ya ukuta wake ikaachwa, ambayo bado ipo hadi leo.

4.2 Kiwanda cha chuma cha Homestead

Kiwanda hiki, maarufu kwa mgomo wa 1892, kilifungwa mwaka 1986. Kiswahili kinaturuhusu pia kusema ‘kilikufa’, na watu husema hivyo kuhusu viwanda. Sitiari hiyo ni nzuri kwa maombolezo, lakini inageuza uamuzi wa wenye mali kuwa ajali ya maumbile. Kwa mfanyakazi aliyepoteza ajira, tofauti kati ya kilikufa na kilifungwa si ya mtindo tu.

4.3 Mtaa wa Hill District

Mfano huu ndio mzito zaidi. Kuanzia mwaka 1956 sehemu ya chini ya mtaa huo, eneo la ekari zipatazo 95, ilibomolewa chini ya mpango wa mamlaka ya uendelezaji upya wa jiji, iliyoundwa mwaka 1946, kwa msaada wa fedha za serikali ya shirikisho. Kanisa la Bethel AME lilibomolewa mwaka 1957. Ukumbi mkubwa wa Civic Arena ulifunguliwa hapo mwaka 1961, nao pia ukabomolewa kati ya 2011 na 2012. Watu wapatao 8,000 waliondoka:

(3) a. Wakazi walihama.
b. Wakazi walihamishwa.

Hapa tofauti si ya -ika na -wa. Katika (3b) kitenzi kimenyambuliwa mara mbili, kwanza kwa kauli ya kutendesha, kisha kwa kauli ya kutendwa. Kila kiambishi kina kazi: -ish- kinaonyesha kwamba kuna aliyesababisha, na -w- kinaonyesha kwamba wakazi ndio waliotendewa. Msimulizi anayetumia (3a) hakosei sarufi, lakini anawapa wakazi uamuzi ambao hawakuufanya. Kuhusu kanisa pia, kusema ‘lilibomoka’ kungekuwa uongo mtupu: jengo lililokuwa likitumiwa na waumini halikuanguka lenyewe.

5.0 Pingamizi

Huenda ikadaiwa kwamba kumtaja mtenda ni kazi ya mwanahistoria, si ya mwanaisimu. Tunakubali kwamba sarufi haiwezi kutuambia ni nani aliyebomoa. Hata hivyo, sarufi inatuambia wakati ambapo swali hilo limezimwa. Aidha, si kila -ika ni kosa. Nyumba iliyoachwa miaka mingi ikanyeshewa hubomoka kweli. Isitoshe, shahidi mzee anayeeleza uchungu wake ana haki ya kusema ‘vimetoweka’, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyouona upotevu. Maneno ya shahidi yaachwe kama yalivyo. Ni msimulizi anayepaswa kupanda ngazi ya pili na ya tatu pale ushahidi unapomruhusu.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinamlazimisha mfasiri wa filamu hizi kuchagua kati ya kubomoka na kubomolewa, kuhama na kuhamishwa, na kwamba uchaguzi huo ni wa kihistoria kama ulivyo wa kisarufi. Wanafunzi wanaoandika usimulizi wa filamu za historia za miji yetu wanashauriwa wakague kila kitenzi cha upotevu na wajiulize ni cha ngazi ipi.

Suala hili linavihusu pia vituo vyenyewe. Mnamo Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa shirika lililogawa fedha za serikali ya shirikisho kwa vituo vya umma vya redio na televisheni. Ikiwa siku moja filamu kama hizi zitakoma kutengenezwa, tusiandike kwamba ruzuku ilifutika. Ilifutwa, na aliyeifuta anajulikana.