Siku Moja ya Maua, na Mume Anayerudi Nyumbani



Watu hujiandaa kwa harusi, hujiandaa kumpokea mtoto wa kwanza, hujiandaa kulipa karo. Lakini ni mume na mke wangapi wanaojiandaa kwa siku ile ambayo mume ataacha kazi na kuanza kukaa nyumbani kuanzia asubuhi mpaka jioni? Tutalichunguza jambo hilo kwa kuwatazama watu wa mbali, yaani Wajapani, katika siku moja ambayo mume na mke wa huko hutoka pamoja kwenda kutazama maua ya mcheri, ambayo wao huyaita sakura.

Tumechagua Japani kwa sababu huko jambo hili limezungumzwa waziwazi kwa miaka mingi, hata likapewa majina. Mume aliyestaafu ambaye hana rafiki wala shughuli, akawa anamfuata mkewe kila chumba, wanamwita nureochiba, maana yake jani lililoanguka na kulowa maji. Jani la namna hiyo hushika kwenye ufagio wala halifagiliki. Yule ambaye kila mkewe akitaka kutoka yeye husema "mimi pia nakuja", wanamweka katika kabila la "mimi pia". Haya ni maneno ya mzaha, na yana ukali ndani yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2007 sheria ilianza kuwaruhusu wanaoachana kugawana pensheni ya kazi iliyochangwa wakati wa ndoa yao, hadi nusu kwa nusu. Mke aliyekaa nyumbani miaka 35 akilea watoto sasa angeweza kuondoka bila kuondoka mikono mitupu. Talaka ya watu wazima, wenye wajukuu tayari, si hadithi huko.

Tusiwaseme vibaya wanaume hao. Wengi waliondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku kwa miaka 40, na wengine walihamishiwa miji ya mbali na kampuni wakaenda peke yao, mke akabaki na watoto ili shule isikatizwe. Kuna msemo wa utani kwamba mume wa zamani alikuwa na maneno matatu tu nyumbani: chakula, kuoga, kulala. Hata maua yenyewe waliyatazama na wenzao wa kazini. Ilikuwa desturi mfanyakazi kijana kutumwa bustanini tangu asubuhi kutandika turubai la plastiki la buluu chini ya mti mzuri na kulilinda, mpaka jioni wakubwa wafike na vinywaji. Hivyo mtu angeweza kuona majira 40 ya maua, na asiyaone hata mara 5 akiwa na mke wake.

Sasa tueleze kidogo kuhusu maua, kwa sababu bila hayo hutaelewa kwa nini siku hii haiahirishwi. Aina ya mcheri iliyoenea zaidi Japani huitwa Somei Yoshino. Haioteshwi kwa mbegu bali kwa kuunganisha vikonyo, kwa hiyo miti yote ni kama mti mmoja uliorudiwa mara nyingi. Ndiyo maana katika mtaa mmoja yote huchanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Vichipukizi vya maua hutungwa tangu kiangazi cha mwaka uliopita, kisha hulala. Baridi ya kutosha ndiyo huviamsha, na joto la masika huvifungua. Idara ya hali ya hewa ina miti yake ya kupimia katika miji mbalimbali. Wa Osaka uko kwenye bustani ya ngome ya mji huo. Mtumishi akihesabu maua 5 au 6 yaliyofunguka katika mti huo, inatangazwa kwamba maua yameanza. Baada ya kama wiki moja yanakuwa yamejaa, na baada ya siku chache upepo na mvua huyamaliza. Wala tarehe si ile ile kila mwaka. Katika Kyoto kumbukumbu za maua zinarudi nyuma zaidi ya miaka 1,200, na mwaka 2021 yalijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu hizo.

Mume aliyezoea kusema "wiki ijayo, Mama fulani, nikipata nafasi" hapa ameshindwa. Wiki ijayo hakuna kitu mtini.

Kuna jambo lingine. Mwaka wa kazi Japani huisha tarehe 31 Machi, na mpya huanza tarehe 1 Aprili. Wengi hustaafu siku hiyo ya mwisho wa Machi. Maana yake ni kwamba mzee anakabidhi meza yake, anapewa shada la maua na wenzake, na siku chache baadaye, katika miji kama Osaka na Kyoto, micheri imejaa.

Basi tuwafikirie mume na mke wa Osaka, yeye ana miaka 65 na mke 62. Ni mfano tu, lakini nadhani wengi watajitambua humo. Watoto wamekwisha kuoa na kuolewa. Wao huitana Baba na Mama, kama vile kwetu, ingawa hakuna tena mtoto nyumbani wa kuwasikia. Wiki ya kwanza ya Aprili mke anasema, "Baba, kesho twende Kyoto." Mume anakubali, na usiku ule anaandika ratiba: treni saa ngapi, hekalu la kwanza saa ngapi, dakika ngapi kila mahali. Kazi yake ilikuwa ya ratiba, na hakuna aliyemfundisha nyingine.

Mke anaamka mapema kutayarisha bento, chakula cha kisandukuni: matonge ya wali, mayai ya kukunjwa, mboga za achari. Anachukua pia shali ya ziada. Wajapani wana neno maalumu kwa baridi inayorudi ghafla wakati wa maua, hanabie, na yeye anaijua. Mume anatoka na koti jepesi.

Treni ya Keihan inawafikisha Demachiyanagi, pale mto Takano unapokutana na mto Kamo. Kuna mawe ya kuvukia, mengine yamechongwa kama kobe, na watoto wanarukaruka juu yake. Mke anataka kusimama. Mume anatazama saa. Wanaelekea mashariki kwa miguu, yeye mbele na mke nyuma, kwa mwendo ule wa kizamani ambapo mke alitakiwa awe hatua 3 nyuma ya mumewe. Kila mti mzuri, mume anapiga picha na kuendelea. Mke anautazama. Wanapofika Ginkaku-ji, mume anasema, "Tumechelewa dakika 20."

"Tumechelewa nani anatungoja?" mke anauliza. Mume hakujibu.

Ginkaku-ji maana yake ni Jumba la Fedha, ingawa hakuna fedha kwenye kuta zake. Lilianza kujengwa mwaka 1482 na Ashikaga Yoshimasa, mtawala aliyekuwa amemwachia mwanawe madaraka akitaka kupumzika na kufurahia bustani na chai. Huyu naye alikuwa mstaafu! Lakini hakuhamia huko na mkewe, Hino Tomiko. Wawili hao walikuwa wameshindana na kutengana moyo miaka mingi, yeye akashika bustani na mke akashika fedha na mambo ya mji. Alifariki mwaka 1490. Wageni husifu mchanga mweupe uliochotwa kwa reki mbele ya jumba, na kwa kweli unapendeza. Ila mtu wa ndoa akitembea pale atajiuliza kama uzuri wote ule haukuwa pia ukuta.

Hatua chache kutoka hapo huanza Njia ya Mwanafalsafa, kijia cha kilomita kama 2 kando ya mfereji mdogo, kilichopata jina kwa sababu ya mwalimu wa chuo kikuu Nishida Kitaro aliyekuwa akitembea huko akiwaza. Na hapa ndipo ningependa kila msomaji asikilize. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mchoraji Hashimoto Kansetsu, ambaye nyumba yake iko karibu na hapo, alikuwa amepata mafanikio na akataka kuurudishia mji wa Kyoto shukrani. Mkewe, Yone, ndiye aliyetoa wazo la kupanda micheri. Wakatoa miche kama 300. Mingi ya ile ya kwanza imekwisha kufa na kupandwa mingine mahali pake, lakini hadi leo watu huiita micheri ya Kansetsu. Jina ni la mume. Wazo lilikuwa la mke. Sitaongeza neno, kila nyumba ina micheri yake ya namna hiyo.

Wale wetu wa Osaka wanakaa kwenye benchi kando ya mfereji. Petali zimeanguka majini na kujikusanya kama mashua ndogo. Wajapani wanaita hali hiyo "chelezo la maua". Mke anafungua kisanduku, kisha anatoa vitonge vitatu vya unga wa mchele kwenye kijiti, cha waridi, cheupe na cha kijani. Kuna methali huko isemayo vitonge kuliko maua, yaani tumbo kwanza. Wanakula. Mume anauliza, ili kusema jambo:

"Mama, Jumanne utakuwa wapi?"

"Kwenye darasa la kuandika kwa brashi. Kama kila Jumanne, mwaka wa 11 sasa."

"Mwaka wa 11? Basi mimi pia nitakuja."

Mke anakaa kimya kidogo, akitazama maji. "Hapana, Baba. Jumanne usije. Jumanne ni yangu. Na chakula cha mchana siku hiyo sitapika."

"Sasa nitakula nini?"

"Mchele unajua uko wapi jikoni?"

Hakujua.

Tusimame hapa, kwa sababu siku yote ilikuwa inakuja kwenye neno hili. Wengine watasema mke alikuwa mkali, tena siku ya furaha. Mimi naona alichagua vizuri. Wote wawili walikuwa wameshiba. Walikaa bega kwa bega wakitazama maji, na kuna maneno ambayo hutoka kwa urahisi zaidi watu wasipotazamana usoni. Hapakuwa na mtoto wala jirani. Zaidi ya yote, hakumwaga malalamiko ya miaka 35. Alitaja siku moja ya wiki na mlo mmoja. Angeanza na "wewe hukuwahi kunijali", mume angejitetea mpaka jioni, nao wangerudi nyumbani wakiwa wameshinda kesi na kupoteza siku. Tena alisema mwanzoni, siku chache baada ya yeye kustaafu. Wake wengi hunyamaza, wakitumaini mume ataelewa mwenyewe, na kimya hicho hukua mpaka siku ya kugawana pensheni.

Na mume? Swali lake la chakula lilikuwa la kitoto, tukubali. Lakini baada ya lile la mchele alinyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa kwa hasira. Fikiri jambo aliloligundua: kwa miaka 11 mkewe amekuwa na walimu, wenzake, wino na karatasi, maisha mazima ambayo yeye hakuyajua. Mtu anaweza kuumizwa na habari hiyo. Anaweza pia kuuliza swali la pili. Huyu aliuliza, baada ya muda mrefu: "Huwa mnaandika nini?" Mke akaanza kueleza. Ratiba ikabaki mfukoni.

Sehemu iliyobaki ya siku ni fupi kusimulia. Walipita hekalu la Nanzen-ji, lenye daraja la matofali la kupitisha maji lililojengwa mwaka 1888, wakapanda Keage, ambako reli ya zamani iliyokuwa ikivuta mashua kwenye mteremko, mita 582, sasa ni njia ya watu chini ya micheri. Kulikuwa na msongamano, foleni ya choo ilikuwa ndefu, na mume alimpoteza mkewe kwa robo saa. Jioni walisimama bustani ya Maruyama mbele ya mcheri mkubwa wenye matawi yanayoning'inia, umeangazwa kwa taa. Ule wa zamani ulikufa mwaka 1947, na huu, uliotokana nao, ulipandwa mwaka 1949. Baridi iliingia. Mke akatoa ile shali ya ziada, na mume akaivaa mbele ya watu, shali ya kike.

Kwa wale wanaosoma ukurasa huu wawili pamoja, jioni watoto wakilala, jaribuni kuulizana haya bila haraka, na mmoja asimkatize mwenzake. Je, mara ya mwisho tulitoka sisi wawili tu, bila harusi, mazishi wala mkutano wa shule, ilikuwa lini? Ni siku gani au saa gani ya wiki ambayo mwenzangu anaihitaji iwe yake, na nimeshawahi kumwuliza? Kuna wazo gani la mke nyumbani mwetu ambalo watu wa nje wanalijua kwa jina la mume? Na wewe, mzee, kabla hujalala leo: mchele uko wapi jikoni?