Mwacheni alale? Hapana
Kijitabu kwa vijana wa Mumosho kuhusu kanyanga, bangi na tramadoli

Kasiksi ya ndizi wazee wetu waliinywa kwa kupokezana, wakizungumza. Sapilo ni jambo lingine: kichupa cha plastiki kinachoingia mfukoni, pombe kali, na mtu hukimaliza peke yake kabla ya saa nne asubuhi. Kanyanga nayo, pombe kali ya kienyeji, ikipikwa ovyo, inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha. Ukiamka macho yana ukungu baada ya kuinywa, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya.

Tramadoli ni dawa halali ya maumivu. Wanaobeba mizigo, wanaoendesha pikipiki usiku na wanaochimba madini huimeza wasisikie uchovu. Uchovu unabaki palepale, ni wewe tu huusikii. Dozi ikizidi huleta degedege, hata kwa asiyekuwa na kifafa. Ukiichanganya na pombe au Valium, pumzi hupungua kidogo kidogo hadi kukatika.

Hapo ndipo, mtu akizidiwa hivyo, wenzake husema, “Mwacheni alale, amelewa tu.” Mwite jina, mtikise bega. Asipoitika, akikoroma kwa shida au midomo ikibadilika rangi, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiinama kidogo nyuma ili matapishi yatoke na hewa ipite. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, vitampalia. Mmoja akae naye, mwingine atafute pikipiki. Pakiti ya vidonge mpelekeeni muuguzi, na mwambieni ukweli wote. Anachotafuta ni matibabu, si mashtaka.

Bangi haiui hivyo, na wanaoivuta hupenda kutukumbusha. Lakini kwa kijana anayeivuta kila siku, hasa aliyeanza mapema, inaweza kuamsha ugonjwa wa akili: anasikia sauti, anamshuku mama yake kumtilia sumu. Familia husema karogwa, na miezi inapotea kwenye vyumba vya maombi. Ombeni, lakini mpelekeni pia SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili kilichopo Bukavu.



Na anayekunywa pombe kila siku asifungiwe chumbani ili aache ghafla. Kutetemeka, jasho na degedege vinaweza kumuua ndani ya siku chache. Aanzie kwa muuguzi, ambaye atampa dawa za kumvusha siku hizo.