Masizi ya Koroboi: Mafunzo Niliyopata Ndani ya Bunduki Kuukuu

Nimezaliwa Kalama, Ukambani, upande wa Kola, katika boma ambalo kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa kigoda cha babu, chenye nakshi za waya wa shaba. Useremala nilioanzia pale ndio ulionifikisha Nairobi, kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, mzee wa Kisikh tuliyemwita Babuji. Aliniajiri nichonge vitako. Nilikaa naye miaka sita.

1. Masizi hayadanganyi.
Siku ya kwanza aliniwekea mezani bunduki ya mitutu miwili, kazi ya Birmingham, iliyolegea pale mitutu inapokutana na mwili. Nilidhani ataichukulia nyundo. Akawasha koroboi, akaipitisha ile sehemu juu ya moshi hadi ikawa nyeusi tii, akaifunga bunduki, akaifungua. Palipogusana, masizi yalihamia upande wa pili. Akapapitisha tupa mara moja tu, akarudi kwenye moshi. Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Jioni masizi yalijichapa sawasawa kote, na bunduki ilipofungwa sikusikia mgongano wa chuma, ila mlio mzito kama wa kifuniko cha sanduku zuri.

2. Mtambo mzuri hauna vitu vingi.
Zamani nyundo zilikaa nje, nawe ulizivuta kwa kidole gumba. Mwaka 1875 Anson na Deeley, wa kampuni ya Westley Richards, walisajili mtambo unaoficha nyundo ndani. Ukiikunja bunduki ili kutia risasi, uzito wa mitutu inayoshuka husukuma wenzo, na wenzo huzitega nyundo. Ndani mna nyundo, springi na kizuizi cha kuishikilia nyundo hadi kidole kivute. Zaidi ya hapo ni vichache. Mitambo ya pembeni, iliyofungwa kwenye vibamba viwili vya ubavuni, ina vipande vingi na bei yake ni kubwa. Kwa kazi ya kila siku ningechagua ule wa 1875. Kwa kuutazama tu, nitauchagua wa pembeni hadi nife.

3. Usifyatue mtambo mtupu.
Nilifanya hivyo mara moja, nikitaka kusikia mlio. Springi yenye umbo la V ikakatika. Babuji hakunigombeza. “Kijana, utaitengeneza mwenyewe,” akasema. Nilikata chuma, nikakipiga tupa, nikakipasha moto hadi kikawaka rangi ya damu, nikakizamisha kwenye mafuta. Kikawa kigumu, lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Ilibidi nikipake mafuta tena na kuyaacha yawake yenyewe hadi yaishe, ndipo chuma kikapata unyumbufu. Springi ya kwanza ilivunjika, na ya pili pia. Ya tatu ilishika. Wiki ile niliwawaza sana wahunzi wetu wa Kikamba, waliosokota mikufu myembamba ya shaba bila mashine yoyote.

4. Mtutu wenye mawimbi uheshimu.
Mawimbi yanayoonekana usoni mwa mitutu ya zamani yametokana na vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja na kuchomelewa. Mitutu mingi ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Risasi ya kisasa inaweza kuupasua mtutu wa aina hiyo mkononi mwako.

5. Karatasi kwanza.
Bunduki isiyo na leseni haikupanda meza yetu, hata iwe ya rafiki.

6. Tazama upande usioonekana.
Nilipokifungua kibamba cha ubavu kwa mara ya kwanza, nilijiona uso. Upande wa ndani, ambao mwenye bunduki huenda asiuone maisha yake yote, ulikuwa umeng'arishwa kama kioo, na kila kipande kimesuguliwa kingo zake.

Krismasi iliyofuata nilirudi Kalama nikakipindua kigoda cha babu. Sikuwahi kukipindua tangu utotoni. Chini, katikati ya miguu mitatu, hapakuwa na alama hata moja ya tezo.