Mtamba, Maksai, Tetea: Maneno ya Kuanzia kwa Mfugaji Mpya

Mfugaji anapompigia simu afisa mifugo, swali la kwanza huwa: "Mnyama gani?" Wengi hujibu "ng'ombe," basi. Hapo afisa analazimika kuuliza maswali kumi mengine huku mnyama akizidiwa. Akiambiwa tangu mwanzo kwamba ni mtamba, ana mimba ya miezi saba, na hajacheua tangu asubuhi, ameshajua nusu ya tatizo na ameshajua abebe nini kwenye mkoba.

Kijitabu hiki ni cha mtu anayeanza: aliyenunua ng'ombe mmoja wa maziwa, mbuzi wachache au kuku ishirini. Tumekaa zaidi kwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu huko ndiko kutojua majina na nyakati kunakogharimu fedha nyingi. Wengine tumewapitia kwa yale yasiyoepukika.

Ndama na dang'a

Mtoto wa ng'ombe ni ndama, awe dume au jike. Huzaliwa bila kinga ya kutosha, kwa kuwa kinga ya mama yake haipiti kwenye kondo. Kinga hiyo anaipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo. Utumbo wa ndama huweza kuipitisha kuingia kwenye damu kwa saa kama 24 tu, na uwezo huo unapungua kila saa. Kwa hiyo ndama wa kilo 30 apate lita mbili ndani ya saa mbili za kwanza, na nyingine mbili kabla saa 12 hazijapita. Akishindwa kusimama, mkamue mama na umnyweshe kwa chupa yenye chuchu. Bado wapo wanaoimwaga dang'a wakidhani ni maziwa mabovu. Hakuna chanjo wala sindano ya dukani itakayofidia kilichomwagwa. Kitovu nacho kichovye kwenye dawa ya aidini siku hiyo hiyo, maana ni mlango ulio wazi kwa vijidudu.

Jambo moja kwa wanunuzi. Ng'ombe akizaa pacha, mmoja dume na mmoja jike, yule jike katika visa tisa kati ya kumi huwa tasa. Wakiwa tumboni damu zao huchanganyika, na homoni za dume huharibu ukuaji wa via vya uzazi vya dada yake. Kwa macho ni ndama mzuri tu, na mnadani atauzwa kwa bei ya mtamba mtarajiwa. Uliza kama alizaliwa peke yake.

Mtamba na siku 82

Ndama jike akishakua na kukaribia kupandishwa, mpaka atakapozaa mara ya kwanza, anaitwa mtamba. Watu hupenda kuuliza apandishwe akiwa na umri gani, lakini kinachoamua ni uzito. Afikishe karibu asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa mbari yake. Chotara aliyelishwa vizuri hufika hapo akiwa na miezi 15 hadi 18. Aliyeachwa aokoteze majani ya kando ya barabara anaweza kufikisha miaka mitatu bado mwembamba. Kama huna mizani, tumia utepe maalumu wa kupimia mifugo: upitishe nyuma ya miguu ya mbele kuzunguka kifua, mnyama akiwa amesimama sawasawa kichwa juu, kisha usome kilo zilizoandikwa. Hautoi uzito kamili kama mizani, lakini ni bora kuliko kukadiria kwa macho.

Mtamba au ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hukaa saa 12 hadi 18. Alama ya uhakika ni moja: anapandwa na wenzake naye anasimama tuli. Kulia sana, kuhangaika, ute mwangavu unaoning'inia kama uzi na maziwa kupungua ghafla ni alama za kusaidia. Mwenye ng'ombe mmoja bandani hana wa kumpanda, hivyo inabidi ategemee hizo za kusaidia na kalenda. Joto likionekana asubuhi, apandishwe jioni; likionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi.

Kupandisha ni kwa njia mbili. Ya kwanza ni dume. Ya pili ni uhimilishaji: mtaalamu huingiza mbegu zilizohifadhiwa kwenye mirija midogo ndani ya naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tanzania mbegu hizo huzalishwa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, mkoani Arusha. Uhimilishaji hukuepusha na magonjwa yanayoenezwa na dume wa kijiji, na hukupa mbegu ya fahali ambaye usingeweza kumnunua. Lakini unahitaji simu ipigwe kwa wakati. Mhimilishaji aliyeitwa siku mbili baadaye anakuja kula nauli.

Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi. Mwaka una siku 365. Ukitaka ndama mmoja kila mwaka, zinabaki siku 82 tangu azae mpaka ashike mimba nyingine, na ndani ya hizo mwezi na nusu hivi ni wa kizazi kurudi katika hali yake. Kwa hesabu hiyo una nafasi mbili tu za joto. Ukikosa zote mbili, kila joto linalopita ni wiki tatu za majani, pumba na kibarua ambazo ndama anayefuata anachelewa. Mfugaji analalamika kwamba ng'ombe wake hana maziwa, kumbe anayemkamua ni ng'ombe aliyezaa mwaka juzi.

Akiwa na mimba ya miezi saba, akaushwe: acha kumkamua ili kiwele kipumzike siku 60 kabla ya kuzaa. Ni uamuzi mgumu kwa anayetegemea hizo lita mbili za asubuhi, lakini asiyekaushwa hulipiza kwenye uzao unaofuata kwa maziwa machache na dang'a hafifu.

Kuhusu madume, fahali ni dume asiyehasiwa, na aliyehasiwa ni maksai, yule anayevuta plau na mkokoteni. Kwa ndama mdogo kuhasi kwa burdizo, koleo linaloponda mishipa bila kukata ngozi, ni njia isiyoacha kidonda cha kuvutia nzi. Kazi hiyo mwachie mtaalamu.

Tumbo lenye vyumba vinne

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao lina vyumba vinne, na kile kikubwa cha kwanza kimejaa vijidudu vinavyovunja majani magumu ambayo sisi na nguruwe hatuwezi kuyayeyusha. Ukimlisha ng'ombe, kwanza unawalisha hao. Ndiyo maana chakula hakibadilishwi kwa siku moja: ukimtoa kwenye majani makavu na kumjazia mahindi au pumba nyingi, tumbo hugeuka tindikali na mnyama anaweza kufa. Badilisha pole pole kwa wiki mbili. Na asishibe mikunde mibichi yenye umande kama lusini. Gesi hujaa na ubavu wa kushoto huvimba kama ngoma. Ukiona hivyo usisubiri kesho.

Sasa kipimo. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12, maji yakiwa yameondolewa. Majani ya tembo mabichi ni maji kwa asilimia 80 hivi. Kwa hiyo ukitegemea majani hayo peke yake anataka kilo 60, mizigo miwili au mitatu ya kichwani. Mzigo mmoja wa asubuhi, ambao ndio desturi katika mabanda mengi, ni njaa iliyofunikwa kijani. Pumba na mashudu huongezwa juu ya majani, hayachukui nafasi yake. Maji yawepo muda wote, kwa sababu maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87.

Mnyama aliyelala kivulini akitafuna taratibu bila kitu mdomoni yuko sawa. Zizi lote likiwa limelala na hakuna anayecheua, kuna jambo.

Mbari

Zebu wa asili wenye nundu hutoa maziwa machache lakini hustahimili kupe, jua na malisho duni. Ankole wa pembe ndefu wako Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi. Boran, ambao asili yao ni Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ni wa nyama. Mpwapwa ni mbari iliyotengenezwa Tanzania, kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa, Dodoma. Friesian, Ayrshire na Jersey walitoka Ulaya: Friesian ana maziwa mengi, Jersey ana mwili mdogo na maziwa yenye mafuta zaidi.

Ushauri wetu kwa anayeanza ni chotara, na hasa asikimbilie damu ya Ulaya tupu pwani au kwenye joto kali. Friesian halisi ni mlaji mkubwa na ndigana kali humwangusha upesi. Ugonjwa huo huletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Dalili za mwanzo ni homa na tezi iliyovimba chini ya sikio, unaweza kuishika kwa vidole. Anayeogesha mifugo kwa ratiba na kukagua masikio kwa mkono huwahi kuziona.

Mbuzi, kondoo na nguruwe

Mbuzi dume wa mbegu ni beberu, jike ambaye hajazaa ni mfarika. Mbuzi na kondoo hubeba mimba miezi mitano. Badilishana beberu na jirani kabla hajaanza kupanda mabinti zake, la sivyo vitazaliwa vitoto dhaifu na lawama zitaangukia uchawi.

Umri husomwa kwenye meno. Usishtuke kukuta hakuna meno ya mbele juu: wanyama wote wanaocheua tunaowafuga hapa hawana, wana ufizi mgumu tu. Angalia ya chini. Mbuzi mwenye meno madogo ya utoto hajafikisha mwaka na kitu; jozi moja ya meno makubwa katikati ni mwaka mmoja na nusu hivi, na kila mwaka unaofuata huongeza jozi mpaka zitimie nne. Muuzaji anayekataa mdomo usifunguliwe ana sababu.

Nguruwe hubeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Vitoto vyake vichomwe sindano ya madini ya chuma siku ya tatu, kwani maziwa ya mama hayana ya kutosha. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba. Kinga ni kuzuia wageni na kutolisha mabaki ya nyama.

Kuku

Jogoo kila mtu anamjua. Pora ni jogoo mchanga, tetea ni jike aliyekaribia au aliyeanza kutaga, na koo ni mama wa vifaranga. Mayai huatamiwa siku 21. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na hahitaji jogoo ili atage. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga. Kuku wa nyama huwa tayari kwa wiki tano au sita, na kila siku ya ziada bandani anakula faida.

Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kinaweza kumaliza kuku wote wa kitongoji ndani ya wiki moja. Chanjo ya I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, huwekwa tone moja kwenye jicho na hurudiwa kila miezi mitatu. Chanja kuku wazima. Tone likiwekwa kwa kuku aliyekwisha kusinzia na kuharisha kijani halitamponya, kisha mtaa mzima utasema chanjo ndiyo iliyoua. Ni vema majirani wakubaliane siku moja, maana kichupa kimoja huchanja mamia na hakiwekwi kiporo.

Daftari na dawa

Nunua daftari la kawaida. Kila mnyama apewe ukurasa wake: namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, mama, dume au namba ya mbegu, tarehe za joto, kupandishwa, kukaushwa, kuzaa, chanjo na matibabu. Tanzania utambuzi wa mifugo umewekewa sheria tangu 2010, lakini hereni bila daftari inamtambulisha mnyama kwa serikali tu. Wewe mwenyewe hujui alipandishwa lini.

Safu inayosahaulika ni ya kipindi cha kusubiri. Mnyama akitibiwa kwa antibiotiki, mabaki ya dawa hubaki kwenye maziwa na nyama kwa siku kadhaa. Idadi imeandikwa kwenye lebo, na ya maziwa si sawa na ya nyama. Kwa siku hizo maziwa hayauzwi wala hayanywewi nyumbani, na kuyachemsha hakuondoi dawa. Ukiyachanganya na ya majirani kwenye kituo cha kukusanyia, mtindi wa tanki zima unaweza kukataa kuganda, kwa kuwa dawa ileile inaua bakteria wanaougandisha. Andika tarehe mbili mstari mmoja: ya sindano ya mwisho, na ya kuanza kuuza tena.